Mkeka Usiokanyagwa

Siku Feleti alipokuja kuniposa, aligonga kichwa mara tatu kabla hajaketi, na mara zote tatu aliuomba mlango msamaha. Usinicheke. Nyumba zetu za Iida za enzi hizo zilijengwa kwa watu wa kimo cha bibi yangu, na Feleti Moala wa visiwa vya Tonga alikuwa na mabega ya kujaza mlango. Nyumba yenyewe haipo tena. Pale sasa pana maegesho ya magari, na kila nikipita natafuta kwa macho mahali ulipokuwa ule mlango, sipaoni. Lakini ile Jumapili ya Novemba naikumbuka yote, hadi harufu yake.

Matunda ya kaki yalikuwa yameiva bonde zima. Kila nyumba watu wamekaa barazani wanamenya, na matunda yaliyokwisha kumenywa yananing'inia kwa nyuzi chini ya paa, mamia kwa mamia, yakikaushwa na baridi ya milimani. Mimi nilikuwa jikoni na kisu mkononi, masikio yote yako sebuleni.

"Chizuru," mama akaniita, "hiyo unayomenya ni kokwa."

"Nimeona, mama."

"Basi iache. Mtu wako ameshafika, masikini, na nyumba imeshampiga."

Nilicheka, nikaweka kisu chini. Mkataba wa Feleti kwenye kiwanda cha kupasua mbao ulikuwa unaisha mwisho wa mwaka. Baba akisema ndiyo, anabaki. Baba akisema hapana, anarudi kwao, na mimi nabaki na miaka yangu ishirini na saba na kumbukumbu. Kutoroka lilikuwa neno ambalo hata hatukulitaja. Mimi ni mtoto wa pekee, na yeye alikuwa ameshaniambia tangu mwanzo, "Mimi siibi mtoto wa mtu. Nitaomba."

Miaka mitatu tulikuwa tumependana kwa macho zaidi kuliko kwa maneno. Alhamisi alikuwa analeta masanduku ya mbao nyumbani kwetu, na Alhamisi, sijui kwa nini, ndiyo siku niliyokuwa navaa sweta yangu ya bluu. Lugha yetu alijifunza kwa wale wazee wa kiwandani, kwa hiyo kijana wa miaka thelathini, nguvu za fahali, akifungua mdomo unamsikia mzee wa miaka sabini mwenye mgongo mbovu. Mara ya kwanza aliponisalimia alisema, "Aa, binti, baridi ya mwaka huu itatumaliza sisi." Nikampenda hapo hapo. Wengine hupendewa sauti, wengine macho. Mimi nilimpendea hilo.

Sasa nikueleze nyumba yetu. Sisi kina Kumagai tulikuwa wafunga mafundo. Zile kamba nyembamba za karatasi, nyekundu na nyeupe, zinazofungiwa zawadi, ndiyo kazi yetu tangu babu wa babu. Na baba yangu, tuseme ukweli, ndiye aliyeolewa. Bibi Kinu alizaa binti mmoja tu, mama yangu Fumie, na nyumba yenye kazi yake haiwezi kufa kwa kukosa mtoto wa kiume. Basi akatafutwa kijana kutoka kisiwa cha Sado, Honma Shigeo, akapewa binti, akapewa benchi la kazi, akapewa na jina. Akaingia Honma, akawa Kumagai. Kwetu hilo si ajabu. Na wote walijua kwamba zamu yangu ikifika nami nitaletewa wa kwangu. Bibi alikuwa ameshaniletea watatu, mmoja akiwa na jino la dhahabu.

Nilipoingia na chai, Feleti alikuwa amepiga magoti mbele ya meza, suti ya kuazima imembana mpaka vifungo vinaomba msaada. Baba amekaa upande wa pili. Bibi, miaka yake themanini na mitatu, amejifunika blanketi mapajani na anamkagua mgeni kama ng'ombe wa mnadani.

Feleti akajiweka sawa, na kwa mazoea ya kiwandani ikamtoka, "Aa, mgongo huu utaniua."

Bibi akaangua kicheko. Baba hakutabasamu.

"Mzee Kumagai," Feleti akasema, akainama mpaka paji la uso likagusa sakafu. "Nimekuja kumwomba Chizuru. Sina maneno mengi. Nampenda, na sitaacha." Akasukuma mbele sanduku alilokuja nalo, limefungwa kwa kamba nyekundu na nyeupe, kwa mikono miwili.

Baba akalitazama sanduku. Akaendelea kulitazama. Nami nikalitazama, nikaona fundo lake.

"Kamba hii kakuuzia nani?" baba akauliza taratibu.

"Dukani, Mzee. Nilimwambia mama wa duka nataka ya jambo la heri."

"Heri gani, hukumwambia?"

"Hapana. Niliona aibu."

Baba akanyoosha vidole viwili, akashika ncha moja ya kamba, akavuta. Fundo likafunguka lote na kulala mezani.

"Umeona? Fundo hili tunalifunga mtoto akizaliwa. Mtu akihamia nyumba mpya. Mambo ambayo tunaomba yarudi tena na tena. Ndoa ina fundo lake, halifunguki mpaka ulikate kwa mkasi. Wewe umekuja kwenye nyumba ya wafunga mafundo kuniomba binti yangu kwa fundo la kufunguka. Sasa niambie, utamwoa mara ngapi?"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Miaka mitatu ya Alhamisi, na hata siku moja sikuwa nimemfundisha yule mwanamume fundo! Mimi mwenyewe, mikono yangu inayafunga mia mbili kwa siku!

Feleti akaiva masikio. "Mara moja, Mzee," akasema kwa sauti ndogo. "Mara moja tu."

Basi Bibi akakohoa.

"Mimi naona sanduku liko wazi."

"Mama," baba akasema, "zawadi haifunguliwi mbele ya mgeni."

"Nani kafungua? Limefunguka lenyewe. Mimi nifanyeje, nifumbe macho?" Na tayari mkono wake mkavu ulikuwa umeshanyanyua mfuniko.

Ndani mlikuwa na mkeka. Lakini mkeka gani! Mwembamba, laini, mweupe wa maziwa, umekunjwa kama kitambaa. Bibi akautoa, akaunusa, akaupapasa shavuni.

"Loo, hiki ni kitu. Shigeo, sogea nitandike, nikalie."

"Bibi, hapana!" Feleti alisahau adabu zote akanyoosha mikono. "Samahani, Bibi. Huo haukanyagwi."

"Mkeka usiokanyagwa? Wa nini basi, wa kulamba?"

"Unavaliwa. Kiunoni. Siku ya harusi, na siku ya msiba."

Bibi akamgeukia mama aliyesimama mlangoni. "Fumie! Umesikia? Kwao wanavaa sakafu!"

Akacheka mpaka machozi, mama akacheka, na mimi, Mungu anisamehe, nikacheka pia. Hata Feleti akaanza kucheka, mabega yanacheza, na nikaona kifungo cha kwanza cha suti kikikata tamaa na kudondoka kwenye kikombe. Kwa dakika moja nilidhani tumepona.

Lakini baba alikuwa ameuchukua mkeka. Alikuwa akipitisha kidole gumba ukingoni, ukindu kwa ukindu, vile anavyokagua kamba kabla ya kuipeleka sokoni. Baba hakujua kusifu mtu, alijua kusifu kazi.

"Nani kausuka?"

"Mama yangu."

"Kwa muda gani?"

"Mwaka mmoja na miezi kadhaa. Alianza nilipomwandikia kwamba nimeona msichana." Feleti akatazama mikono yake. "Chizuru mwenyewe nilikuwa bado sijamwambia."

Nikamtazama. Hakunitazama, na nilifurahi, maana sijui uso wangu ulikuwaje. Nilikuwa sijui hilo. Kumbe kuna mwanamke mwisho wa bahari alianza kunisukia mimi kabla sijajua kama napendwa.

"Hapa pembeni pamekwenda upande," baba akasema.

"Macho yake hayaoni vizuri siku hizi, Mzee. Hapo alisuka kwa kupapasa."

"Ana watoto wangapi?"

"Mimi ndiye wa mwisho. Dada zangu wameolewa visiwa vya mbali. Anakaa peke yake."

Baba akaukunja mkeka, akifuata mikunjo yake ile ile, akaurudisha sandukuni, akaweka mfuniko, akalisukuma sanduku mpaka magotini kwa Feleti.

"Chukua. Rudi kwenu kwa mama yako. Jibu langu ni hapana."

Mimi ambaye tangu nizaliwe sijawahi kupandisha sauti mbele ya baba, siku hiyo niliipandisha.

"Baba! Kwa ajili ya kamba?"

"Si kamba."

"Kwa sababu ni mgeni?"

"Mgeni?" Baba akanigeukia. "Mimi nimezaliwa hapa? Hata mimi ni mgeni."

"Basi kwa nini? Sema! Nimeomba nini maishani mwangu? Nimekataa kazi gani? Mtu mmoja, baba, nimependa mtu mmoja!"

Feleti akaweka mkono wake juu ya mkono wangu, mbele ya wote, na mkono wangu ukapotea kabisa. Akamwambia baba, "Mzee, kama ni jina, nalichukua. Nitaingia nyumba hii kama ulivyoingia wewe. Nimeshajizoesha hata kuliandika." Akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa, na juu yake, kwa herufi nene za mtu aliyezoea kushika gogo, ameandika Kumagai Feleti, mara kumi, mara ishirini, mpaka chini ya karatasi.

Hapo ndipo sauti ya baba ilipobadilika.

"Hujui unachokisema! Unadhani jina ni koti, unavua hili unavaa hili?" Akanyamaza, akavuta pumzi. "Mwaka niliokuja hapa, mama yangu aliniandikia barua saba. Aliishia darasa la pili, kila barua ilimchukua siku nzima. Akaandika juu yake, Honma Shigeo, kwa sababu hilo ndilo jina alilonipa. Zote saba zikarudishwa Sado. Zimeandikwa kwa nje, hapa hakuna mtu wa jina hili."

Mama aliziba mdomo. Nami nilikuwa nasikia kwa mara ya kwanza.

"Dada yangu alinikabidhi hizo barua siku tuliyomzika mama. Chizuru ulikuwa na miaka mitatu, nilikubeba mgongoni. Nikazisomea kwenye meli. Ya kwanza ananiuliza kama nina blanketi la kutosha, amesikia Iida kuna baridi. Ya pili ananiuliza hilo hilo. Mpaka ya saba, hilo hilo. Kwa sababu hakuna aliyemjibu." Akaugusa mfuniko wa sanduku. "Sasa huyu mama amekaa mwaka mzima anasuka gizani, na mimi nimchukulie mwanawe wa mwisho? Siwezi. Binti yangu atalia, najua. Ni kijana, ataacha. Mama huyo hataacha."

Hasira yote ilinitoka, na nilipoiangalia ile nafasi ilipokuwa, nikakuta namwonea baba huruma, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko hasira, kwa sababu mtu mwenye sababu mbovu unaweza kubishana naye. Mkono wa Feleti ulikuwa unalegea juu ya wangu. Nilijua anafikiri nini. Anamwona mama yake.

Bibi aliweka kikombe chake mezani. Kiligongana na sahani.

"Ni mimi," akasema.

Wote tukageuka.

"Mpeleka barua alikuja na ya kwanza akaniuliza, Honma ni nani hapa? Nikamwambia hakuna. Nikamwambia na zijazo azirudishe. Niliogopa, Shigeo. Ulikuwa unatazama milimani kila jioni. Nikasema akizisoma hizi, huyu kesho hayupo."

"Najua, Mama," baba akasema.

"Unajua?"

"Nilijua siku ile ile ya mazishi. Mchana sisi tuko kwenye benchi la kazi, mlangoni ulikuwa unakaa wewe peke yako."

"Na miaka yote hii... miaka ishirini na nne, umekaa na mimi, unanimiminia chai?"

"Ningefanyaje?" baba akasema. "Ulikuwa na kiu."

Bibi Kinu hakuwahi kumwinamia mtu. Hata kuhani wa hekalu alikuwa anamtikisia kichwa tu. Siku ile aliondoa blanketi mapajani, akageuka alipokaa baba, akaweka mikono sakafuni na kuinama mpaka mvi zake zikagusa sakafu.

"Nilimwibia mwanamke mwenzangu," akasema, uso uko chini. "Nisamehe. Yeye siwezi kumwomba tena, nakuomba wewe."

"Mama, inuka. Mama, tafadhali." Baba alimshika mabega, anajaribu kumwinua, na Bibi hataki, na nikaona midomo ya baba yangu ikitetemeka kama ya mtoto. Nilikuwa sijawahi kuona. Mama akaenda akapiga magoti kati yao, akawashika wote wawili. Sebule nzima ilikuwa inalia, na aliyelia kwa sauti kubwa kuliko wote ni Feleti, analia waziwazi kama wanavyolia watu wa kwao, machozi yanadondokea tai.

Bibi akainua kichwa. "Wewe mtu mkubwa, unalia nini? Hii si zamu yako."

"Samahani, Bibi."

"Futa uso." Akajiinua, akajipangusa na yeye. "Sasa nisikilizeni, maana nguvu za kusema mara mbili sina. Shigeo, wewe jina la Kumagai ulipewa. Mimi nilizaliwa nalo, kwa hiyo mwenye nalo ni mimi. Na mimi nasema, jina hili limeshakula mtoto wa mtu mmoja. Limeshiba. Huyu abaki na la mama yake."

"Na kazi, Mama?" baba akauliza. "Nyumba ya Kumagai ikiisha, mafundo nani atafunga?"

"Kazi? Si yuko Chizuru? Miaka kumi amekaa kwenye benchi hilo ubavuni kwako, au hujamwona?"

Baba alinitazama. Wasomaji wangu, nimetazamwa kwa mapenzi maishani mwangu, na aliyenitazama zaidi alikuwa amekaa pale pale ameloa machozi. Lakini sijasahau baba alivyonitazama dakika ile, kuanzia vidole vyangu vilivyojaa alama za kamba mpaka usoni, kama mtu anayesoma kitu kilichokuwa mbele yake miaka yote.

"Nimemwona," akasema.

Kisha akamgeukia Feleti.

"Mimi neno langu halijabadilika. Mtoto wa mwanamke yule simchukui kwa barua, wala kwa kumtuma mtu." Nikaushika mkono wa Feleti. "Nilipotolewa kwetu, mama yangu hakuna aliyekwenda kumwomba. Walipeleka mshenga na samaki wakavu. Kwenu ni mbali kiasi gani?"

Feleti alikuwa hajaelewa bado. "Ndege tatu, Mzee. Halafu meli usiku kucha."

"Anapenda kusemeshwa asubuhi au jioni?"

"Asubuhi. Jioni anasinzia."

"Basi nitafika asubuhi. Nitakaa chini mbele yake, nimweleze binti yangu ni mtu gani, na mafundo yetu ni kazi gani, na kwamba mwanawe atakuwa anarudi kumwona kila mwaka, nauli juu yangu. Akikataa, amekataa, na wewe utabaki kwake. Akikubali, ni yeye aliyetoa. Hakuna aliyemwibia."

"Mzee," Feleti akasema, "mama yangu atakupikia nguruwe mzima."

"Nitamla."

Baba yangu, ambaye chakula chake ni wali, samaki na figili, na ambaye safari yake ndefu kuliko zote tangu aingie nyumba ile ilikuwa ni kwenda Sado kuzika! Mtu ambaye akiona ndege inapita juu huingia ndani. Nilikuwa nataka kucheka na kulia, na mkono wa Feleti umenibana mpaka mifupa inalia, na sikutaka auachie.

Baba akavuta kikombe chake, akakuta chai imepoa, akainywa hivyo hivyo mpaka chini. Kisha akamtazama mama, kwa haya kidogo.

"Fumie," akauliza, "hivi pasi ya kusafiria huombwa wapi?"